Miguu Isiyousikia Moto

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeuamuru moyo wangu upige kabla sijapewa jina, na ambaye hajauacha usimame hata nilipokuwa nimelala fofofo. Kila nikikumbuka kwamba kazi hiyo imefanyika miaka yote bila mimi kuisimamia, ulimi wangu unakosa la kusema isipokuwa kumsifu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, aliyetufundisha kuosha mikono na miguu kabla ya kusimama mbele ya Mola, sisi tukadhani tunafundishwa sala tu.

Baada ya hayo. Nimestaafu uuguzi, na vijana niliowaacha zahanati, hapa kata ya Mkunya, wamenisumbua sana. "Mama Zuhura, tuandikie yale unayotusimulia wakati wa chai." Nimewaambia chai yenyewe ndiyo iliyokuwa ikisimulia, hawakukubali. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vichache, na vilichelewa. Mshahara mnaujua. Nitaandika yaliyonifanya nirudi nyumbani jioni nikiwa nimeshangaa.

Nilizaliwa Lisekese, Masasi, kwa baba aliyeuza vitambaa mchana na kusomesha watoto dini jioni. Nilisoma kwake kabla sijasoma popote. Nilipomaliza mafunzo ya uuguzi nilipelekwa kituo kimoja upande wa Lulindi, kijiji cha wamisheni, kengele ya kanisa inasikika hadi mashambani. Nilifika na mtandio wangu kichwani na sare niliyoipiga pasi hadi mikunjo inakata, nikitegemea kupewa sindano siku hiyohiyo. Aliyenipokea alikuwa Sista Agnesi. Hakuwa mtawa, huku kwetu kila muuguzi wa kike ni sista. Alikuwa mama mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa akisali na wagonjwa wake kila asubuhi kabla hajagusa dawa. Aliniuliza kwetu ni wapi na baba anafanya kazi gani, kisha akanipa kigoda.

"Kaa hapo. Shika mkono wako."

"Wangu, Sista?"

"Kwani umekuja na wa nani?"

Nikaweka vidole kwenye kifundo cha mkono kama tulivyofundishwa.

"Unasikia nini?"

"Mapigo, Sista."

"Nani anayapiga?"

Nikanyamaza. Nilikuwa najua jibu la chuo cha uuguzi na najua jibu la baba yangu, ila mapigo yenyewe yalikuwa yakigonga chini ya vidole vyangu, na yote mawili yakawa madogo.

"Vizuri," alisema Sista Agnesi. "Siku utakapokuwa na jibu la harakaharaka, rudi kwenu ukauze vitambaa."

Ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Sindano nilipewa baadaye, tena ya kuchemsha. Zilikuwa za kioo siku hizo, tulizichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa lililokuwa likikohoa kuliko wagonjwa.

Sista Agnesi alikuwa na maswali yake, na aliyauliza kwa kila mtu, awe mzee, awe mjamzito, awe mwalimu wa shule aliyekuja kwa jino. Umelalaje? Umekula nini jana? Umekunywa maji? Umetembea? Umepata choo? Nani amekuudhi? Hilo la mwisho nililiona la umbea. Baada ya muda nikaona watu wanaanza kulia palepale, na shinikizo la damu lililokuwa juu linashuka kabla hawajapewa kidonge. Alisema mtu ni shamba moja. Huwezi kupalilia kona moja ukaacha nyingine magugu.

Halafu alikuwa na jambo lake la miguu. Mgonjwa akiingia, kabla hajasema lolote, "Vua viatu." Nilimuuliza kwa nini.

"Uso mtu ameunawa kwa ajili yako," alisema. "Miguu haina habari kwamba imekuja hospitali."

Ujana wake alikuwa ameuguza wenye ukoma. Aliniambia wengi hudhani ukoma unakula vidole. Hauvili. Unaua usikivu wa ngozi, basi. Mtu anashika sufuria ya moto hasikii, anakanyaga msumari hasikii, kidonda kinaoza hasikii, na vidole vinaondoka kimoja baada ya kingine bila mwenyewe kulia. Alinifundisha kusokota pamba kidogo hadi iwe na ncha kama mkia wa panya. Mgonjwa anafumba macho, wewe unamgusa kwa ile ncha, yeye anaonyesha kwa kidole ulipomgusa. Hakuna kipimo rahisi kuliko hicho, na hakuna kilichowahi kunitisha kama hicho.

"Watu wananijia wanaomba niwaondolee maumivu," alisema. "Nawapa dawa. Lakini nikirudi nyumbani namshukuru Mungu kwa ajili ya maumivu."

Mimi nilikuwa kijana. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka.

Baadaye nilipandishwa huku juu uwandani kwa Wamakonde, na hapa ndipo nilipofanya kazi hadi nywele zikabadilika. Asiyepajua aelewe jambo moja: ardhi yetu ni mchanga, na maji yako mbali sana chini. Zamani wanawake waliteremka mabondeni kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Siku hizi kuna mabomba, ambayo hutoa maji yanapopenda, na kuna visima vya saruji vinavyokinga mvua ya paa. Kwa hiyo ndoo ya maji huku ina heshima yake. Nilijifunza kuosha kidonda kikubwa kwa maji ya birika moja. Nilijifunza pia msimu. Mabibo ya mikorosho yanapoiva watu hukamua kile kinywaji chao cha kulevya, na zahanati hupokea majeraha ya vichwa. Ukiuliza, wote wameanguka. Sijawahi kumpata aliyepigwa.

Nilipokuwa nimebakiza miaka michache kustaafu, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, aliletwa kijana mmoja wa bodaboda, Hashimu, amebebwa mgongoni na wenzake. Nyayo zote mbili zimeungua, malengelenge yamejaa.

"Umekanyaga nini, baba?"

"Moto, Mama."

"Kwa bahati mbaya?"

Akageuza uso ukutani. Wenzake dirishani wakamjibia. "Kwa makusudi, Mama Zuhura! Shujaa huyo! Mwulize alivyoruka kama chura!"

Niwaeleze wale wasioziona korosho ila kwenye pakiti. Huku nyumbani tunazichoma kwenye kipande cha bati chenye matundu juu ya mafiga. Ganda la korosho lina mafuta meusi makali, yanayounguza ngozi hata bila moto. Yakichemka yanashika moto, na bati zima linawaka. Hapo unazimwaga mchangani zikiwa zinalia na kutema cheche, unazifukia harakaharaka kwa mchanga, ili ganda liungue na kiini kibaki salama. Hakuna mtu anayezisogelea.

"Mzee Chilumba anazizima kwa nyayo," alisema Hashimu huku analia. "Pekupeku! Anazikanyaga moja moja kama anaua kumbikumbi, huku anapiga soga. Anatuambia sisi vijana wa siku hizi ni wa mafuta ya kupaka. Sasa mimi nikasema, kwani yeye nani?"

"Hashimu," nilimwambia, "nina habari njema. Miguu yako ni mizima kabisa."

"Inauma, Mama!"

"Ndiyo maana nasema."

Nilimfunga, nikamcheka kidogo, nikamsahau. Mzee Chilumba nilikuwa namfahamu kwa sauti. Alikuwa muadhini wa msikiti wa kitongoji cha pili, na sauti yake ilifika kwangu hata upepo ukivuma kinyume. Nilidhani vijana wameongeza chumvi.

Wiki hiyohiyo akaja mkewe, Bi Somoe. Mwanamke mwembamba, mkavu, mwenye ulimi ambao kitongoji kizima kilikuwa kikiuheshimu.

"Shikamoo, Bi Somoe. Unaumwa?"

"Marahaba. Mimi siumwi. Nimekuja kushtaki."

"Unamshtaki nani?"

"Mume wangu. Anakunywa maji yangu."

Nikamwomba akae. Alikataa, mashtaka husemwa kwa kusimama.

"Nateka ndoo, naiweka. Nikigeuka, nusu. Nikigeuka tena, kata inagonga chini. Mvua bado, kisima kinakwangua, na mzee anakunywa kama ana shimo. Anakunywa, anatoka nje. Anarudi, anakunywa. Na pale nyuma ya nyumba anapojisaidia, Mama Zuhura, sisimizi wamejipanga kama wamealikwa arusi. Majirani ndiyo kabisa wamepagawa. Wanasema mzee amepewa. Moto unamwogopa, wadudu wanamfuata. Juzi wamekuja watu na kuku wanataka awape hiyo dawa yake."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ndoo ni yangu."

Nilicheka, kisha nikaanza kuhesabu kwa vidole. Kiu isiyokwisha, haja ndogo kila mara, sisimizi kwenye mkojo. Halafu miguu isiyosikia moto. Nilimwona Sista Agnesi na miwani yake ya uzi kama amesimama kwenye kona ya chumba. Alikuwa ameshafariki, Mungu amlipe wema.

Asubuhi iliyofuata nilichukua mashine ya kupima sukari, bandeji, na pamba, nikaenda kwao. Mzee Chilumba alikuwa ameketi uani, kofia safi, kanzu safi, chai mbele yake. Ile chai ilikuwa tamu kiasi kwamba nyuki walikuwa wakiigombea.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nawe umekuja kuona miguu? Jana wametoka watu Newala mjini."

"Nimekuja kuiona, Mzee. Lakini nianze na kidole."

Nilimtoboa kidole, tone la damu likaingia kwenye mashine. Mashine ikafikiri, kisha ikakataa kutoa namba. Sukari ilikuwa imepita mwisho wa kipimo chake. Nilikaa chini kwenye mkeka, nikauvuta mguu wake wa kushoto magotini kwangu, nikasokota pamba.

"Fumba macho, Mzee. Nitakugusa kwa pamba. Kila nikikugusa, useme."

"Haya."

Nikamgusa kidole gumba. Akatulia. Nikamgusa cha pili, cha tatu, nyuma ya mguu, kisigino. Alikuwa anatabasamu, macho yamefumbwa, anangoja kama mtoto anayefichiwa zawadi. Nikaacha pamba, nikachukua kijiti cha kiberiti, nikabonyeza unyayo kwa nguvu hadi kikavunjika. Bi Somoe aliyekuwa anapepeta mbaazi aliuacha ungo.

"Mbona huanzi, mwanangu?" aliuliza Mzee Chilumba.

"Nimeshamaliza, Mzee."

Akafumbua macho. Akaniangalia, akamwangalia mkewe. Akakiona kile kijiti kilichovunjika juu ya mguu wake. Alikichukua, akakishika muda mrefu.

"Kwa hiyo moto haukuwa unaniogopa," alisema.

"Hapana, Mzee."

"Ulikuwa unaniunguza."

"Ulikuwa unakuunguza, baba."

Ndipo nikauinua mguu niutazame chini. Wanangu, nimeona mengi, lakini pale nilitaja jina la Mungu kwa sauti. Kipande cha ganda la korosho kilikuwa kimezama kwenye unyayo, chini ya kidole kidogo, na nyama imekizunguka nyeusi, na harufu ikatoka. Bi Somoe aliziba pua kwa kanga.

"Kumbe ni wewe!" alipiga kelele. "Juzi nimetoa vyombo vyote nje natafuta panya aliyekufa!"

Akacheka, na hapohapo akaanza kulia, na akaendelea na vyote viwili kwa pamoja.

Nilimweleza mzee kwa maneno mepesi. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, inaharibu mishipa midogo inayopeleka habari kutoka miguuni kwenda kichwani, na inaharibu mishipa ya damu inayopeleka chakula kule chini. Mguu unabaki bila mjumbe na bila posho. Nilimwambia twende hospitali ya wilaya leo hii, si kesho.

"Watakata," alisema.

"Huenda. Sitakudanganya."

"Basi siendi. Mguu huu nimekwenda nao msikitini tangu nikiwa nashikwa mkono na marehemu baba. Nitazikwa nao."

"Ukibaki hapa utazikwa nao mapema, Mzee. Weusi ule unapanda."

"Mungu ndiye mwenye kupanga."

"Ndiye. Na mguu ni wake, wewe amekupa uutunze. Siku akikuuliza uliutunzaje, utamwambia uliutumia kuzima korosho?"

Akakunja uso. Niliogopa nimevuka mpaka. Alikuwa mzee wangu. Majirani walikuwa wameanza kusogea kwenye ua, na nilijua akisema hapana mara ya tatu mbele ya watu, heshima itamzuia kusema ndiyo tena. Nikamwomba Mola anipe neno, na neno lililokuja halikuwa la hospitali.

"Mzee, kazi yako msikitini ni nini?"

"Unaijua."

"Nataka kuisikia kwako."

"Kuwaita watu."

"Hata wakiwa wamelala?"

"Hasa wakiwa wamelala."

"Na ukipoteza sauti alfajiri moja?"

"Sala itawapita. Wataamka jua limetoka."

"Mwenyezi Mungu aliweka muadhini ndani ya mguu wako," nilimwambia. "Alikuwa akiita kila ulipokanyaga mwiba, tangu ukiwa mtoto. Wewe wito huo uliuita maumivu. Sasa amepoteza sauti, nawe umelala, na jua linatoka."

Nyuki waliendelea na chai. Kisha mzee akakiweka kile kijiti mfukoni mwa kanzu, akasema, "Somoe, nipe fimbo yangu."

Tulimpeleka kwa pikipiki ya Hashimu, ambaye nyayo zake zilikuwa bado na bandeji. Njia nzima hakusema neno la ushujaa.

Hospitali walimwanzishia sindano za kushusha sukari, wakatoa lile ganda, wakakata nyama iliyokufa. Daktari alichukua kalamu ya wino mzito akachora mstari kuzunguka mguu, pale wekundu ulipoishia.

"Wekundu ukiuvuka mstari huu," alimwambia Bi Somoe, "tutakata juu ya kifundo. Hatutakuwa na namna."

Basi maisha ya watu wawili yakawa yamesimama juu ya mstari wa kalamu. Bi Somoe aliulinda kama mtu anayelinda shamba dhidi ya nguruwe. Kila nilipokwenda kuwaona nilimkuta ameinama juu ya ule mguu. Aliniuliza kama inafaa kuusomea dua mstari. Nilimwambia asome, ila asiuguse kwa mkono usiooshwa. Siku moja wekundu uliugusa. Mzee Chilumba alitaka apewe maji atawadhe, akasali akiwa ameketi kitandani, na sikumsikia akiomba mguu. Aliomba asamehewe kwa kujisifia kitu alichokuwa anakipoteza.

Wekundu haukuvuka. Ulikaa pale kwenye wino, kisha ukaanza kurudi. Kidole kidogo hakikupona, kikaondolewa. Bi Somoe alikidai, akakiviringisha kwenye kitambaa cheupe na kwenda kukizika kama dini inavyotaka. Mzee alipoulizwa na wageni kidole kiko wapi, alisema, "Kimetangulia kunisafishia njia." Hapo nikajua kwamba amepona moyo, na mguu utafuata.

Ukafuata. Nawaombeni mnaobaki, msizoee kuangalia kidonda kinachopona. Mimi sijazoea. Unafungua bandeji unaona shimo, ndani ya shimo kumeota nyama mpya, nyekundu, yenye punjepunje kama komamanga lililopasuliwa. Hujaipanda. Umeosha tu, umefunika, umesubiri. Inajaza kutoka chini kuja juu, taratibu, na ikifika usawa wa ngozi inajua kuacha. Nani ameiambia imefika? Nimeuliza madaktari, wamenipa majina marefu, na nayaheshimu. Bado nashangaa.

Aliporudi nyumbani ndipo kazi kubwa ilipoanza, maana hospitali hulaza mtu kwa muda, nyumbani anakaa maisha. Chai ilipoteza nyuki wake. Ugali wa muhogo ukapungua kwenye sahani, kisamvu na mbaazi vikaongezeka. Bi Somoe alisema sasa anapika kama ana mjamzito ndani. Vidonge vilikuwa kwa saa zake. Alishonewa viatu vya ngozi laini na fundi wa Newala, na kila asubuhi alivipindua na kuvigonga kabla ya kuvaa, asije akatembea na jiwe siku nzima bila habari.

Lakini lililobaki ni yule muadhini wa mguuni aliyenyamaza. Mtu asiyesikia mguu wake atajuaje umeumia? Nilimuuliza, "Mzee, unatawadha mara tano kwa siku, maisha yako yote. Umewahi kuutazama unyayo wako?"

"Kuosha si ndiyo kutazama?"

"Chini yake?"

Akafikiri. "Sijawahi," alisema. "Mungu anisamehe. Nimeuosha kama mtu anayeosha sahani gizani."

Tukakubaliana hivi. Baada ya udhu wa alasiri, mwanga ukiwa mzuri, anaketi mkekani, anafuta maji katikati ya kila kidole kwa kitambaa kikavu, kwa mpangilio uleule aliofundishwa utotoni kupitisha kidole kidogo kati ya vidole vya mguu. Kisha anaweka chini kioo chake cha kunyolea ndevu, anapitisha unyayo juu yake na kuuangalia wote, kisigino hadi ncha. Macho yake yakichoka, Bi Somoe ndiye anayeangalia. Maji ya moto hapimi kwa mguu. Mkewe ndiye anayepima, kwa kiwiko. Sala haikuongezewa kitu wala kupunguziwa. Ni jicho tu tuliloongeza mahali ambapo maji yalikuwa yakipita tangu zamani.

Sikutegemea yaliyofuata. Alianza kwenda na kioo msikitini. Wazee wenzake walimcheka. "Muadhini amekuwa bibi arusi, anajitazama!" Yeye akawaambia, "Chekeni, halafu niazimeni nyayo zenu." Akawaangalizia. Mmoja akakutwa na msumari wa kiatu ndani ya kisigino, hana habari. Mwingine na nyufa zinazotoa damu. Wakaja zahanati wakiwa wameongozana, wameona haya kama wavulana, nami nikawatoboa vidole mmoja mmoja. Waliokuwa na sukari wakaanza dawa wakiwa na vidole vyao vyote. Wenzetu Wakristo wakasikia, mwinjilisti wao akaazima wazo, akaweka kioo kwenye benchi la nje ya kanisa Jumapili. Nikipita pale naona wazee wamevua viatu, wanachungulia nyayo zao na kutaniana, najisemea, Sista Agnesi, unaona?

Siku yangu ya mwisho kazini walinifanyia sherehe ndogo. Keki ilikuwepo, hotuba zilikuwepo, moja ilikuwa ndefu kuliko utumishi wangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha heshima nikipambana na machozi, niliposikia fimbo inagonga sakafuni. Mzee Chilumba aliingia akichechemea, Bi Somoe nyuma yake ameshika kuku. Nilishtuka kumwona anachechemea. Nilidhani kidonda kimerudi.

"Mzee, una nini? Mguu gani?"

"Wa kulia," alisema. Ule mguu wa kulia haukuwa umeharibika sana kama mwenzake. "Siafu. Jana jioni, nimeketi mkekani, wamenipanda."

"Pole, Mzee!"

"Usinipe pole." Alisimama katikati ya watu wote, machozi yanamtiririka kwenye ndevu. "Nipe hongera. Mmoja ameniuma hapa, nyuma ya kidole, nami nimemsikia. Nimepiga ukunga, mwanangu, hata majirani wametoka na mapanga."

"Nilidhani nyoka," alisema Bi Somoe. "Nakimbilia, namkuta mtu mzima anacheka, anasema, 'Imeuma, Somoe! Imeuma!' Hataki nimtoe huyo siafu!"

Nilimwomba avue kiatu palepale, mbele ya keki na wakubwa wangu. Kwenye meza ya sherehe hapakuwa na pamba, nikachomoa uzi kwenye pindo la mtandio wangu, nikausokota. Akafumba macho. Nilimgusa kisigino, hakusema. Nikamgusa unyayo, hakusema. Chumba kizima kilikuwa kimeacha kutafuna. Nikamgusa nyuma ya kidole gumba, kwa wepesi kabisa, kama pumzi.

"Hapo," alisema Mzee Chilumba.

Nikarudia, pembeni kidogo.

"Na hapo."

Sehemu yenyewe ilikuwa ndogo, haizidi upana wa jani la mkorosho. Dawa, chakula na matembezi vilikuwa vimefanya kazi yao, na Aliyeuumba mguu alikuwa amefanya yake. Kwingine kote palikuwa kimya kama zamani, na kioo bado anakihitaji hadi leo. Ila pale, mahali padogo pale, yule muadhini wa mguuni alikuwa ameamka na kuita. Niliwahi kuulizwa siku yangu ya kwanza ni nani anayapiga mapigo. Siku yangu ya mwisho nilikuwa bado sina jibu la harakaharaka, nami nikaona nimestaafu salama.

Wewe unayesoma haya, Mwenyezi Mungu akupe usingizi mtulivu, chakula cha halali kinachokutosha, na mtu wa kukutazama pale macho yako yasipofika. Akuponye kila maradhi. Lakini yale maumivu madogo aliyoyaweka mwilini mwako yakuite unaposinzia, asikunyime hayo kamwe, na akujalie kuamka yanapoita. Amina.